Fundi wa rangi akija mpaka nyumbani: namna ya kurekebisha majeraha madogo ya gari hapa Lubumbashi

Ukipita kwenye maegesho yoyote ya Lubumbashi utaona magari mengi yameumia upande wa kushoto. Sababu yake iko wazi. Magari madogo tunayonunua, IST, Vitz, Noah na mengineyo ya mtumba kutoka Japani, yana usukani wa kulia, na Kongo tunaendesha upande huohuo wa kulia wa barabara. Dereva anakaa karibu na mtaro, na kona ya mbele kushoto, ile anayoiona kwa shida, ndiyo inayopishana na watu. Weka juu yake pikipiki zinazojipenyeza karibu na soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, na nguzo za geti ambazo mwenye parsele (kiwanja) alizijenga kabla hajawaza kumiliki gari, na hapo mlango umepata mstari mweupe na parshoki (bampa) imechubuka.

Kwa majeraha ya namna hiyo si lazima gari lilale garaji wiki nzima. Wapo mafundi wa rangi wanaokuja na kompresa, pistole ya kupulizia rangi na mkoba wa misasa, wakafanya kazi uani kwako na kuondoka jioni. Baadhi yao kazi yao ni safi kuliko ya garaji kubwa. Wengine wanajaza mastiki nene (ile puti ya kusawazishia bati), wanapuliza rangi inayong'aa, na msimu wa mvua ukifika kila kitu kinavimba na kubanduka. Siku ya kulipa huwezi kuwatofautisha, kwa kuwa kila tabaka linafunika lile la chini yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo moja: ni wakati gani umwambie fundi asimame, uangalie, kabla hajafunika.

Hatua ya 1: Pima jeraha kabla ya kumpigia mtu simu

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni. Vumbi letu jekundu hujaa ndani ya mkwaruzo na kuufanya uonekane mbaya kuliko ulivyo. Tena mara nyingi ule mstari ni rangi ya gari au ya geti iliyobaki juu ya gari lako; hiyo hutoka kwa polishi na kitambaa, bila kupulizwa chochote.

Ikikauka, mwagia maji tena na utazame. Mkwaruzo unaopotea ukilowa na kurudi ukikauka umeishia kwenye verni tu, yaani tabaka la juu kabisa linalong'aa na lisilo na rangi. Pitisha ukucha juu yake: ukiteleza bila kukwama, unahitaji kupolishiwa, na yeyote anayetaka kukupakia mlango mzima kwa ajili ya huo anatafuta pesa. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia juu ya bati mpaka verni, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na verni ni kama theluthi moja ya hapo. Ndiyo maana hata polishi ina kikomo. Huwezi kusugua palepale kila mwaka.

Ukucha ukikwama, au ukiona rangi ya kijivu ya praima (tabaka linalotangulia rangi), hiyo ni kazi ya fundi wa rangi. Ukiona bati lenyewe linang'aa, usingoje mwisho wa mwezi. Kati ya Novemba na Machi, bati lililo wazi hushika kutu upesi, na kutu ikishaingia chini ya rangi ya pembeni, jeraha la kidole kimoja linakuwa la kiganja.

Mbonyeo usiopasua rangi ni habari nyingine. Huo hunyooshwa kwa kusukumwa taratibu kutoka nyuma ya bati, na rangi ya kiwandani ikabaki. Mtafute anayejua kazi hiyo kwanza. Rangi ya kiwandani iliokwa kwenye tanuri wakati bodi haina kitu ndani yake. Hakuna rangi ya uani itakayoishinda, hata fundi awe hodari vipi.

Kuna kazi ambazo usizilete nyumbani kabisa. Kapo (boneti) au mlango ambao nafasi yake na bati la jirani imepotoka: hapo kuna chuma kilichopinda ndani, na kunahitajika tolie (fundi wa bodi) mwenye vifaa vya kuvuta. Kutu inayotokea ndani ya sehemu ya chini ya mlango: ukipaka nje, itarudi. Paa zima: ni pana mno na linatazama juu, kila chembe ya vumbi inatua hapo. Na parshoki yenye rada nyuma yake, kama kwenye magari mapya yanayojisimamisha yenyewe. Mastiki au rangi nene mbele ya rada huizuia kuona vizuri.

Jambo moja kabla ya kuendelea: kama umegongwa na mtu na mnategemea bima yake, piga picha za jeraha, za magari yote mawili na za namba zake, na usiguse kitu mpaka kampuni ya bima ione. Tangu sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake sokoni, kwa hiyo uliza gari lililokugonga lina bima ya kampuni gani, usidhani tu.

Hatua ya 2: Ijue rangi yako kwa namba, si kwa jina

«Nyeupe» haimsaidii mtu. Kwenye Toyota tafuta kibati kidogo ndani ya chumba cha injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta mstari ulioandikwa C/TR. Herufi na namba za kwanza ndizo rangi ya bodi, zinazofuata baada ya mkwaju ni za viti na mapambo ya ndani. Utakuta 040 kwa nyeupe ya kawaida, 202 kwa nyeusi, 1F7 kwa ile fedha ambayo kila mtaa unayo, 070 kwa nyeupe ya lulu. Piga picha ya kibati hicho, usikariri.

Namba hiyo inakueleza pia ugumu wa kazi. 040 ndiyo rahisi kuliko zote. 1F7 ina chembe za metali, na chembe hizo hulala tofauti kulingana na mkono: akipuliza karibu na kwa majimaji inakuwa nyeusi kidogo, akipuliza mbali na kikavu inang'aa. Kopo moja, mafundi wawili, rangi mbili. 070 ina tabaka tatu, nyeupe ya chini, kisha lulu, kisha verni, na idadi ya mipulizo ya lulu ndiyo inayoamua itafanana au la. Kwa 070 mimi ningempeleka gari mtu mwenye chumba cha kupakia, hata kama mkwaruzo ni mdogo.

Bado namba peke yake haitoshi. Inatoa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani, na gari lako limekwisha kupigwa na jua miaka 10 au 15. Nenda na fundi dukani wanakochanganya rangi kwa mizani, mkanunue nusu lita. Kwa mlango mmoja inatosha na hubaki. Mwombe apulize kipande cha kadi au bati, akifunike kwa verni, kikauke, kisha mkilinganishe na gari nje, kwenye kivuli chenye mwanga na halafu juani, mkitazama moja kwa moja na kwa pembeni. Kadi isiyo na verni inadanganya. Sehemu ya gari mnayolinganisha nayo ipolishiwe kwanza, maana rangi iliyopauka juu huficha rangi ya kweli iliyo chini yake.

Kwa wenye gari jeupe la 040: sugua polishi kidogo kwa kitambaa safi cheusi mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika weupe, rangi yako haina verni juu, kama ilivyo kwa 040 nyingi za zamani. Mwambie fundi. Akiweka verni kwenye mlango mmoja tu, mng'ao wake utautofautisha na milango mingine mchana kutwa.

Hatua ya 3: Kumchagua fundi na kupatana bei

Usimwombe akuonyeshe kazi ya wiki iliyopita. Kila rangi inapendeza ikiwa na wiki moja. Omba kuona gari alilolipaka mwaka jana, ambalo limekwisha kupita msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Tazama kando ya raba za madirisha na kwenye kingo za mlango: hapo ndipo rangi huanza kubanduka. Gusa, ukihisi mstari wenye kimo kando ya raba, alibandika skochi (utepe wa kunata) juu ya mpira badala ya kuuinua.

Kisha muulize verni anayotumia ina dawa ya kukazia au haina. Verni ya vitu viwili, yaani verni na dawa ya kukazia zinazochanganywa wakati wa kazi, kwa kawaida sehemu mbili kwa moja, hukaza kikemia na haiyeyuki tena. Ya kopo moja hukauka kwa kupoteza diluan (dawa ya kuyeyushia rangi) tu. Tone la petroli wakati wa kujaza tangi linaitia doa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa ndipo inapovunjika. Mwambie makopo yaje yamefungwa, yafunguliwe mbele yako.

Bei husemwa kwa dola. Ukitaka kulipa kwa faranga, mkubaliane mapema ni tau (kiwango cha kubadilisha) ya siku gani, isije wewe ukahesabu ya siku mliyopatana na yeye akahesabu ya leo. Avansi (malipo ya awali) iwe ya vifaa tu, na ni bora mkavinunue pamoja. Iliyobaki igawanywe: sehemu kazi ikiisha, sehemu ndogo baada ya siku tatu au nne, ukishaitazama rangi ikiwa imekauka na kuoshwa na umande. Fundi anayejiamini hatagomea hilo, ingawa atanung'unika.

Taja pia kwa maneno wazi mipaka ya kazi. «Mkwaruzo wa mlango wa nyuma kushoto, rangi ifanane, verni mlango mzima, na vishikio vifunguliwe.» Usiposema vishikio vifunguliwe, vitabandikwa skochi.

Hatua ya 4: Mahali, saa na umeme

Uani kwako si chumba cha rangi, lakini unaweza kupafanya pakikaribie. Gari lisimame kwenye sakafu ya saruji kama ipo. Kama ni udongo, umwagie maji nusu saa kabla, ulowe bila kuwa tope. Mbali na miti: mwembe hudondosha utomvu na vijidudu. Ondoa nguo kwenye kamba, zako na za jirani, kwa sababu ukungu wa rangi hutembea mita nyingi na hutua kwenye gari la mwenzio pia. Mwambie jirani asogeze gari lake; ni ugomvi usio na haja.

Mbabula (jiko la makaa) iliyowashwa isiwe karibu. Hili wengi hawalifikirii, kwa kuwa jikoni ni uani na uani ndipo gari lilipo. Mvuke wa diluan ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na ukikuta makaa unawaka. Kazi ipangwe chakula kikiwa kimeshaiva, au mpishi ahamie upande wa pili wa nyumba, upepo ukitoka kwake kuja kwenye gari, si kinyume.

Kuhusu saa, mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi, na Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli. Bati likiwa na umande au baridi, verni inachelewa kukaza na vumbi linapata muda wa kutua. Subiri saa nne ya asubuhi, bati lipate uvuguvugu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba taabu ni upepo, vumbi na masizi ya mioto ya porini yanayoanguka kama majani meusi madogo. Siku unayoyaona angani, ahirisha. Katika msimu wa mvua fanya asubuhi, maana mawingu ya mchana hayana miadi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na diluan ikiwa ya kukausha haraka, rangi hupata ukungu mweupe juu. Fundi mzoefu ana diluan mbili, ya haraka na ya polepole, na anachagua kwa kuangalia siku.

Usipake kwenye jua kali. Weka kiganja kwenye bati: kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, rangi itakauka kabla haijatandaa.

Sasa umeme. Kompresa ndogo ya nguvu za farasi 2 inakula kama kilowati 1.5, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa zaidi. Jenereta ndogo ya wati 950 ambayo inawasha taa na televisheni yako haitaiamsha. Itanguruma na kuzima. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, nao ukiwa dhaifu jioni, mota inavuma bila kuzunguka na inaungua. Uliza fundi anakuja na nini. Delestaji (mgao wa umeme) ikikata umeme katikati ya mastiki, hakuna hasara. Ikikata katikati ya verni, kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo verni isianze mpaka mjue umeme una uhakika, au jenereta kubwa iko tayari.

Kabla ya kupuliza, afungue koki ya chini ya tangi la kompresa. Maji yatakayotoka hapo, msimu wa mvua, yatakushangaza. Yasipotolewa yanakwenda kwenye rangi.

Hatua ya 5: Kazi yenyewe, na mara tatu za kumsimamisha

Mara ya kwanza ni kabla ya mastiki. Fundi atakuwa ameondoa rangi iliyoumia kwa msasa wa namba 80, amenyoosha bati, ametoa kutu yote. Unachotaka kuona ni bati jeupe na safi, na kingo za rangi ya zamani zikiwa zimeteremshwa taratibu, tabaka kwa tabaka, si ngazi iliyosimama. Madoa meusi ndani ya vishimo ni kutu iliyobaki. Aendelee kusugua, au atie dawa ya asidi ya fosfori na kuiacha ifanye kazi. Weka rula juu ya mbonyeo. Kina kikizidi milimita 3, bado hajanyoosha vya kutosha. Mastiki ni ya kusawazisha, haikuumbwa kujaza shimo. Ikiwa nene inapasuka kwa mtikisiko, na barabara zetu za pembeni zina mtikisiko wa kutosha.

Mtazame akichanganya. Gramu 100 za mastiki zinataka kama gramu 2 za dawa yake. Anayezidisha ili ikauke upesi anakuletea doa la manjano litakalopenya rangi baada ya wiki chache. Ikishakaza, baada ya robo au nusu saa, isuguliwe kavu. Mastiki hufyonza maji, na ukiona anaisugua kwa msasa na ndoo ya maji, mzuie hapohapo.

Mara ya pili ni baada ya praima, kabla ya rangi. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fundi mzuri hunyunyizia praima ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, kisha anasugua kwa msasa wa 400, halafu 600. Penye bonde weusi unabaki. Penye mlima praima inaisha na bati linatokea. Weusi ukiondoka wote kwa pamoja, pamekuwa sawa. Asiyetumia weusi anabahatisha.

Kisha tumia mkono. Weka kitambaa laini kati ya kiganja na bati, upitishe kutoka sehemu ambayo haikuumia, kuvuka palipotengenezwa, mpaka upande wa pili, macho umefumba. Nilimwona mama mmoja wa mtaa wa Katuba akifanya hivyo mbele ya kijana aliyemrekebishia mlango.

«Mama, imekuwa sawa, angalia inavyolala.»

«Mwanangu, macho yangu yanaona sawa. Mkono unapanda hapa.»

Kijana alipitisha wake, akanyamaza, akachukua msasa. Macho hayawezi kuona wimbi kwenye praima isiyong'aa. Verni ikija juu, taa ya kila gari linalopita italionyesha.

Hapohapo kagua ubandikaji. Vishikio vimefunguliwa, raba zimeinuliwa, karatasi imefunika mpaka magurudumu. Kisha asafishe kwa dawa ya kutoa mafuta na vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka. Kama wiki hiyo gari lilipakwa ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi, mwambie. Silikoni iliyomo humo, hata alama ya kidole, huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo, mafundi wanaviita macho ya samaki, na haviondoki kwa kupuliza zaidi.

Mara ya tatu ni rangi ikishakauka, kabla ya verni. Itakuwa imefifia, bila mng'ao, usiogope. Tazama kama imefunika praima yote na kama inayeyukia kwenye rangi ya zamani bila mpaka. Fundi anayejua haishii ukingoni mwa jeraha, anaivuta rangi ikipungua polepole mpaka ipotee, na kwa rangi za metali huivuta hata kuingia kidogo mlango wa jirani. Vumbi, unyoya, tone: sasa ndio wakati wa kuvisugua kwa wepesi na kupuliza tena. Vikishafunikwa kwa verni, dawa yake ni kurudia yote.

Verni ipulizwe paneli nzima, mpaka ukingo wake wa asili. Anayeishia katikati ya mlango kwa kuokoa vijiko viwili vya verni anakuachia mpaka utakaojitokeza mwaka ukigeuka. Mipulizo miwili inatosha, na kati yake dakika 5 hadi 10. Hapa ondoka, mwache afanye. Kusimama karibu kunaongeza vumbi na kunamtetemesha mkono.

Kwa parshoki ya plastiki mambo yanabadilika kidogo. Mbonyeo wake hulainika kwa maji ya moto na mara nyingi husukumika kwa mkono kutoka nyuma. Ukigeuza ndani utakuta alama kama PP. Plastiki hiyo haishiki rangi bila dawa maalumu ya kushikiza inayopulizwa kwanza palipo wazi. Parshoki nyingi za mjini zinazobanduka maganda makubwa zilikosa dawa hiyo tu. Kama kuna vitambuzi vya kuegeshea, vitolewe vyote.

Mapafu

Dawa ya kukazia verni ina isosianeti, kemikali ambazo zinajulikana kusababisha pumu kwa wapiga rangi. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke wake. Fundi anahitaji angalau barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni ambavyo havijachakaa, na iliyo bora ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Usikubali apulize ndani ya garaji iliyofungwa ili kukwepa vumbi. Watoto, wazee na mwenye pumu wakae kwa jirani mpaka harufu iishe. Na kumbuka kwamba mvuke unaweza kuwepo hata pale usipounusa.

Hatua ya 6: Kukagua na kumalizia

Usikague jioni chini ya balbu. Ngoja kesho yake asubuhi. Chuchumaa ukitazama paneli kwa pembeni, uone mstari wa ukuta au wa paa ukiakisiwa: ukikatika au kuyumba, kuna wimbi. Ngozi ya ganda la chungwa kidogo si kosa, hata rangi ya kiwandani inayo. Ilinganishe na mlango wa jirani. Chembe za vumbi chache hazikwepeki uani. Zinasuguliwa kwa msasa laini wa maji wa 2000, kisha 3000, kisha polishi, verni ikishakaza siku moja au mbili. Hiyo iwe ndani ya bei mliyopatana.

Ukiwa na shaka juu ya verni, ngoja wiki ipite, chukua kitambaa cheupe chenye diluan kidogo, ugonge kidogo mahali pa siri kwenye ukingo wa ndani. Kitambaa kikitoka na rangi, uliuziwa ya kopo moja. Na kisumaku kidogo kilichofungwa karatasi, kikipita juu ya palipotengenezwa, kitavuta kwa nguvu ileile ya pembeni kama mastiki ni nyembamba. Kikidondoka, unajua kilichopo chini.

Wiki ya kwanza usioshe kwa sabuni wala kuruhusu mashine ya maji ya nguvu. Kinyesi cha ndege kitolewe siku hiyohiyo kwa maji mengi, bila kusugua. Usipake nta kwa mwezi mmoja hivi, kwa kuwa verni bado inatoa diluan iliyobaki ndani, na turubai lisilopitisha hewa lisikae juu yake.

Rangi iliyobaki ombea kopo dogo la chuma au chupa ya kioo, ijazwe mpaka karibu na mdomo ili hewa isiwe nyingi, uandike juu yake namba ya rangi, tarehe na paneli iliyopakwa, uiweke mahali pa baridi mbali na watoto na moto. Rangi ya chini isiyotiwa dawa inaweza kukaa muda mrefu na siku moja itaokoa mkwaruzo mwingine. Verni iliyokwisha kuchanganywa na dawa usiihifadhi. Itaganda ndani ya kopo kabla ya kesho asubuhi. Iache igande kopo likiwa wazi, uani, mbali na nyumba, kisha ndipo ulitupe.